Saa Tisa na Robo, Soko la Uhuru

Mtangazaji akishamaliza mabati na dawa ya meno
wimbo ule huingia kwa gitaa moja, taratibu,
kama mtu anayebisha hodi huku akijua mlango hauna komeo.
Cherehani kumi na nne hupunguza mwendo.
Hakuna aliyetuamuru. Mguu wenyewe huinuka.

Humo ndani tunalijua neno moja tu: mama.
Mengine ni ya ng'ambo ya maziwa, yanapita
kama wageni wa jirani.

Kerubo, mwenye vifungo, husema jamaa amefiwa.
"Anamwita mara saba. Nani humwita mzima mara saba?"
Mutheu hucheka, chaki sikioni:
"Kule mama ni mpenzi, dada yangu. Huyo anabembeleza."
Naye Wandabwa, aliyezikwa shingoni
na kaptura za darasa la tatu, Januari hii yenye deni,
hang'oi hata macho kwenye sindano:
"Ni mama mwenye nyumba. Anaombwa siku tatu za kodi.
Sikieni hiyo sauti. Mimi naijua hiyo sauti."

Tumebishana hivi miaka sita.
Kuna Ijumaa Kerubo alimnunia Mutheu hadi Jumanne
kwa ajili ya marehemu wasiyemjua jina.

Kaloki wa chai, aliyezaliwa juzi,
alituwekea siku moja wimbo wake kwenye simu.
Tukasema: kelele. Tukasema: hauna maana.
Akakusanya vikombe, kimoja kimoja, bila haraka.
"Na huu wenu," akauliza, "maana yake ni ipi?"
Overloki yangu ikakata uzi.

Mimi huwa sisemi. Mimi husubiri pale
kabla ya kiitikio, mwimbaji anapovuta pumzi.
Zakayo alikuwa akivuta pumzi vivyo hivyo
kabla ya kunidanganya,
na uongo wake ulikuwa na joto, jamani,
ungeweza kuukalia kama jiko la Julai.
Hilo nitamweleza nani, katikati ya kola za shule?

Kisha akaja Murhula, mtu wa Bukavu,
na koti la harusi lililochanika bitana.
Wandabwa akamvutia kiti. Kerubo akafuta kiti.
Saa tisa na kumi. Tukampa chai, tukampa kaimati,
tukamzungumzisha bei ya kitambaa asiyoitaka,
hadi gitaa likabisha.

Akainamisha kichwa. Vidole vikagusa goti.
Sote tulimtazama mdomoni,
kama watu wanaongoja majibu ya hospitali.

"Hii si Lingala," akasema.
"Ni ya watu wa mbali na kwetu. Siielewi."
Akanywa chai.
"Ila utotoni tulisema ni mlevi,
mkewe amemfungia nje, na mvua inanyesha."

Wandabwa alicheka mpaka akajidunga kidole.
Mutheu akadai ameshinda: si mke anabembelezwa?
Kerubo peke yake alirudia vifungo vyake,
akavishona vitatu mahali pa kimoja,
na kesho yake mama alikuwa bado amekufa
ndani ya ule wimbo, mara saba.

Wiki iliyofuata stima zilipotea
saa tisa kasoro dakika tano.
Soko zima likaziba masikio kwa kimya.
Mtu akakohoa. Mtu akahesabu mapeni.
Na ilipofika robo, sijui nani alianza,
nadhani Mutheu, kwa midomo, lile gitaa,
tiri-tiri, akikata kitambaa gizani kwa kukisia.
Kerubo akaingilia kwenye mama.
Wandabwa akabeba maneno yote yasiyojulikana,
akayaboronga moja baada ya jingine kwa sauti ya mdaiwa,
na Kaloki, aliyesema tusihangaike na maneno,
akapiga besi kwenye birika.

Tulipokaribia kiitikio nikavuta pumzi.