Reli Mbili

Jumanne, saa nne, orofa ya pili,
maktaba ya mtaa, mjini Łódź, theluji dirishani.
Bi Zdzisława amechonga penseli tatu,
amevaa miwani ya marehemu mumewe
kwa kuwa yake ameikalia.

Mwalimu Radosław, kijana wa ndevu haba,
anatufunza jinsi wachoraji wa kale wa Italia
walivyoufungia umbali ndani ya ubao:
"Chora reli mbili. Zielekeze mbele.
Kule mwisho, zitakutana."

Bibi akacheka, kicheko cha kukohoa.
"Mwanangu, nimeendesha tramu miaka thelathini na mmoja.
Nimezifuata alfajiri, nimezifuata usiku wa barafu.
Hazijakutana.
Zingekutana, tungepinduka sote."

Darasa zima tukavunjika mbavu.
Hata Bwana Ireneusz, ambaye tangu msiba hajanena,
akaangusha kifutio.

Kisha kimya, penseli zikikwaruza.
Nilipochungulia daftari lake
reli zilikuwa zimekaribiana, zimekaribiana,
na pale zilipotaka kugusana
ameacha nafasi,
upana wa ukucha,
tramu ipite.