Chuma Kibichi

Baba mkubwa Ndelilio alishuka kutoka Mamba na redio yake
imeviringishwa kwenye kitenge kama mtoto mwenye homa.
Akakalia kreti la soda mlangoni pa kibanda changu, Majengo,
akanitazama nikichomeka pasi ya kulehemu.
"Inapata moto lini?"
Imeshapata, nikasema. Mia tatu na hamsini.
Akainama. Ncha ilikuwa na kijivu chake kilekile cha asubuhi,
kama msumari ambao haujawahi kumkosea mtu.

"Hii bado mbichi."

Na yeye ni mhunzi. Miaka arobaini kwenye mivukuto
amesoma joto kwa rangi, bila namba:
wekundu wa damu iliyoganda, subiri;
wekundu wa buni ya kuchumwa, piga;
njano ya ndizi iliyoiva, piga upesi;
nyeupe, umechelewa, chuma kinatema cheche na kulia.
Joto lisilo na rangi, kwake, ni uvumi wa watu wa mjini.

Basi akaigusa.

Sitaandika alichosema. Alikisema kwa Kichaga,
na muuza vitumbua ng'ambo ya njia akafunika uso kwa kanga.
Kidole kilichozeeka kwenye koleo
kilitoa sauti ndogo tu, tss,
kama mate yaliyoangukia kikaango.

Nikampa kikombe cha maji ya bomba, baridi ya mlimani bado imo.
Nikamweleza bila kumwangalia, nikikwangua kutu kwenye kiungo:
risasi yangu huyeyuka kabla ya mia mbili.
Chuma hakianzi kujionyesha mpaka kipite mia tano,
tena gizani, tena kwa shida.
Kati ya hapo na hapo pana nchi nzima ya moto
ambayo jicho halijapewa hati yake.
Mimi nashinda humo, kutwa, kwa elfu tatu kwa redio.

Akanyonya kidole.
"Chekundu nani atakishika?" akasema, si kwangu hasa.
Akavua ndala. Chini ya unyayo, kovu lenye ncha ya jembe,
jembe lililosahauliwa sakafuni
likarudi kuwa jeusi, likatulia, likamngoja.
Miaka yote hiyo sikujua kwa nini hutembea vile.

Saa moja umeme ukakatika. Mtaa mzima ukaguna.
Nikamshika mkono asiusogeze,
tukatazama mahali pasi ilipokuwa.
Hakuna kilichong'aa. Harufu ya sandarusi tu,
na kitu kama pumzi, ukisogeza shavu.
"Ipo?"
Ipo.
"Bado?"
Bado.

Umeme uliporudi, redio ilianza yenyewe,
katikati ya sentensi, bei ya kahawa kwa kilo.
Akarudia neno lilelile la Kichaga.