Kuchambua

Usiku wa kuchambua hauna haraka.
Umeme umekatika Mtambwe nzima, jamvi limejaa,
simu ya Shaame imeegemezwa kwenye pishi, inatumulika,
na vidole vinajua kazi yao:
karafuu huku, konyo kule.
Ndipo aliposema, shangazi,
kuna pesa haikunjiki, hailowi mvua,
na kikundi chenu kimelaza milioni mbili sandukuni,
zimelala tu kama mgonjwa.

Mimi ni katibu. Sanduku lina makufuli matatu:
ufunguo mmoja kwa Bi Mchanga, mmoja kwa Hidaya,
wa tatu umo kwenye pindo la kanga yangu.
Nikamwambia, sikukatalii, sikukubalii.
Nitajie hao madalali wako, niwachambue.

Nikatafuta daftari la skuli, nikapiga mistari.

Wa kwanza alitaka sura yangu.
Kitambulisho mbele, kitambulisho nyuma,
geuka kulia, geuka kushoto, pepesa jicho;
hata nilipoposwa sikukaguliwa hivyo.
Nikatia elfu kumi. Wakala wa Wete akakata chake,
dalali akakata chake.
Nikanunua chembe ya sarafu, ndogo kuliko kichwa cha karafuu,
nikaiuza palepale, nikadai changu.
Siku ya pili zikarudi elfu nane na mia tano.
Nikaandika: ghali, lakini anarudisha.
Ana na kitufe cha kukopesha, uzidishe dau mara kumi.
Bi Mchanga alipokiona akasema,
hiyo kamari imevaa kanzu.
Na chini kabisa nikaandika: ufunguo anao yeye.

Wa pili hakuniuliza hata jina.
Alinipa maneno kumi na mawili, hayana kichwa wala miguu,
yaandike, akasema, ukiyapoteza usinijie.
Nikayaandika nyuma ya kadi ya chanjo ya mwanangu.
Hapa ufunguo ni wangu, nikajisifu.
Hidaya akatazama juu.
Na paa likivuja?

Wa tatu, huyo ndiye mzuri!
Kiswahili laini, kaniita dada mpendwa.
Kitambulisho hataki, ada hakati,
na kila mgeni nitakayemleta nina zawadi yangu.
Elfu kumi ililala, ikaamka elfu kumi na nne,
Ijumaa ikawa ishirini na moja.
Nikabonyeza: toa.
Akasema, lipa kwanza kodi, elfu kumi na tano.
Nikamwuliza, si uikate humo humo kwenye faida?
Dada mpendwa hakujibiwa.
Safu yake nimeiacha tupu;
neno lililonijia, katibu haliandiki.

Jumapili nikawasomea.
Wakauliza vyao: bei ikishuka je?
Nikasema nimeiona ikishuka,
baina ya adhuhuri na alasiri sehemu ya kumi imekwenda,
na hakuna aliyekuja kutoa pole.
Halali? Hilo tukaliweka kwa mwenye ilimu.
Halafu Bi Mchanga, asiyejua kuwasha simu,
akauliza la kwake moja tu:
katika hao watatu, yupi ulimjua kwa kuingia,
na yupi ulimjua kwa kutoka?
Wote, nikasema, nimewajua kwa kutoka.

Sanduku likabaki na makufuli yake.
Anayetaka kujaribu, tukaafikiana,
ajaribu kwa pesa ya makonyo.
Ya karafuu isiguswe.

Shaame hakusema kitu siku ile.
Mie nimemlea, najua kimya chake cha njaa
na kimya chake cha homa. Hiki kilikuwa kingine.
Pesa ya pikipiki, aliyoiweka misimu miwili,
sikumwuliza ameitia kwa nani kati ya watatu.

Leo tumekaa tena jamvini.
Simu imeegemea pishi, mara inatikisika, inaandika kwa herufi kubwa:
HONGERA, FAIDA YAKO IMEFIKA MILIONI TATU.
Mwanangu mdogo anaisoma kwa sauti, anashangilia.
Shaame hainui kichwa.
Karafuu huku,
konyo kule.