Jumla: 987

Aulis aliandika namba, hakuandika kipimo.
Bergamoti 180. Mwerezi 210. Miski 140.
Chini kabisa, lami ya mbetula: 3.
Tatu nini, kaka?
Matone? Gramu? Siku za kujuta?
Daftari lilikaa miaka sita nje ya sauna,
pale tunapovulia nguo, likinuka moshi na sabuni,
nami hapa Kuopio nikioka mkate wa rai.
Sikuwa na haja ya manukato. Nilikuwa na hamira.

Kwa mwokaji hesabu ni nyepesi:
unga ni mia, wengine wote humfuata.
Maji sabini, chumvi mbili.
Oka mikate mitano, oka mia tano,
unga hauhami mahali pake.
Marashi hayana unga.
Hakuna mkubwa wa kupimia wadogo;
kila mmoja ni fungu la wote,
ukimwongeza mmoja umewapunja waliobaki.

Mara ya kwanza nilihesabu matone,
nikagawa kwa kumi kama mtoto wa shule:
mwerezi ishirini na moja, bergamoti kumi na nane.
Tone la bergamoti ni jembamba, linakimbia.
La labdanamu linaning'inia kwenye ncha ya bomba
kama mgeni aliyekwisha kuaga na bado amesimama mlangoni.
Nani alinidanganya kwamba matone yanalingana?
Nikafika kwenye lami: sifuri nukta tatu.
Theluthi ya tone haidondoki.
Nikadondosha zima. Nikasema, ah, tone tu.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Hakuna aliyeniambia kwamba haba moja yaweza kukiunguza.
Raakel wa ghorofa ya juu alishuka na ndoo ya maji,
kavaa gauni la kulalia na viatu vya theluji,
akauliza ni wapi panapowaka.

Nikanunua mizani.
Ndogo, ya kioo, inatetemeka nikipumua,
lakini chini ya sehemu ya mia ya gramu haioni kitu.
Basi lami nikaizimua: gramu moja ndani ya tisa za spiriti,
na panapotakiwa nukta sifuri tatu
naweka nukta tatu, kwa mkono uliotulia.
(Ile spiriti ya ziada niitoe kwenye spiriti ya mwisho.
Nimeandika hivi mlangoni mwa friji, kwa wino mwekundu.)

Kisha nikajumlisha safu yake.
Kwa kalamu. Kwa kidole. Kwa sauti, kama natuhumu mtu.
Mara nne. 987.

Mafungu kumi na matatu hayapo.

Nilipekua kurasa, nikanusa chupa zisizo na jina.
Nikampigia Irja, aliyewahi kuwa mkewe, kule Joensuu.
"Aulis hakuwahi kumaliza kitu," akasema,
halafu akanyamaza, wala hakukata simu,
nikasikia redio yake ikitangaza hali ya barafu ziwani.

Ningeweza kujaza pengo kwa vanila.
Ningeweza kuandika "spiriti" nikalala.
Nilichukua penseli, nikagawa kwa 987.
Mwerezi: mia mbili na kumi, mara kumi, gawa kwa waliopo:
gramu mbili, nukta moja, tatu.
Mmoja mmoja wakaingia chupani,
na mizani ikasema kumi, kumi kamili,
kana kwamba hakuna aliyekosekana.

Wiki nne kabatini, kando ya iliki.
Nilipofungua haikuwa yeye.
Ilikuwa koti lake, labda, siku ya pili baada ya kuazimwa.

Sasa Kerttu, binti yake, anaolewa mwezi Juni,
anataka gramu mia mbili, kila mgeni na kichupa chake.
Mara ishirini, shangazi, si kazi.
Si kazi, mwanangu.
Ila kosa nalo huzidishwa mara ishirini,
na sijui bado kama kumi na tatu ni kosa.
Nimefunga dirisha ili upepo usiguse mizani.
Naanza na lami.