Nuru Haivuki

Nyumba yetu ya Utaani, hapa Wete, ina milango miwili:
wangu watazama barabara ya bandarini,
wa Mwaleo watazama nyuma, kwenye mihogo.
Katikati ukuta wa mawe na chokaa
aliopima Hamad kwa kamba na vigingi
mwaka ule aliooa mara ya pili.
Mnene, husikii mtu kukohoa.
Akasema: hivi hamtasumbuana.

Miaka sita. Sijui anavyofunga mtandio.
Naye hajui kuwa mimi, mwalimu wa fizikia,
nikishasahihisha madaftari ya kidato cha nne
huandika tasnifu ya Tunguu, ukurasa kwa ukurasa,
juu ya malimwengu mawili
(malimwengu, kwa maana zote mbili)
yaliyolala ubavu kwa ubavu
kama doti ya kanga isiyokatwa.

Kila mmoja una nyota zake, una saa yake,
watanuka kwa mwendo wake.
Nuru ya huku haivuki kwenda kule.
Kinachovuka ni uzito peke yake.

Msimamizi wangu aliuliza: ushahidi uko wapi?
Nikamjibu nina milinganyo.
Sikumwambia nina ukuta.

Mwanzo vitu vyote vilikuwa sawasawa,
uji mwembamba usio na donge.
Kisha pahala, bila sababu ya maana,
chembe zikazidi, moja katika laki.
Joto likasema: tawanyikeni.
Uzito ukasema: njooni.
Donge likiwa dogo joto hushinda,
hulitikisa, likayumba, likatulia.
Likipita kipimo fulani
(nimekikokotoa mara tatu,
mara moja kwa tochi ya simu, umeme umekatika)
halirudi tena.
Huvuta, hunenepa, huvuta.

Na upande wa pili, palipo patupu,
pasipojua lolote,
vumbi laanza kuinama
kuelekea pahala ambapo hapana kitu.

Juni iliyopita niliharibikiwa na mimba ya miezi mitano.
Sikumwambia mtu. Hamad alikuwa Mombasa.
Nililala sakafuni, mgongo ukutani,
nikahesabu boriti, nikazisahau, nikaanza upya.
Alfajiri nilipofungua mlango
palikuwa na bakuli la uji kizingitini,
la moto bado, limefunikwa kawa.
Hapana jina, hapana salamu.
Kawa lenye ukindu mwekundu,
na mimi sina kawa jekundu.

Bakuli la watu halirudishwi tupu.
Nililijaza visheti, nikazunguka nyumba gizani,
nikaliweka penye mlango wake
na sikubisha.

Kila mlinganyo wa aina hii una majibu mawili:
moja hukua, moja hufifia.
Vitabu husema lile linalofifia tuliache,
muda utalimeza.
Mimi nimeliandika, ukurasa wa sitini na moja,
kwa sababu hata lenyewe lilikuwapo.

Ukuta ulipasuka mwezi wa Ramadhani,
kuanzia juu, penye boriti ya tatu, kwenda chini.
Niliupima ufa kwa rula ya shule: milimita tatu.
Idi Mosi, minne.
Hamad akaja na saruji na mwiko.
Nikamwambia, bado, kuna kitu nakipima.
Akanitazama kama anavyozitazama hesabu zangu,
akatoka, akauacha mfuko mlangoni.
Baadaye nilisikia kuwa upande wa pili pia
alikataliwa.

Usiku huu niko sura ya nne.
Nimeandika: tuchukulie kwamba nuru haivuki.
Na juu ya neno la mwisho,
mwembamba kama uzi unaotafuta tundu la sindano,
umelala mstari wa manjano wa taa ya Mwaleo.

Ni saa saba na nusu. Hazimi.
Neno sijalifuta.
Nimesogeza daftari kidogo tu,
lisomeke.