Dakika Saba Bila Msumeno

Hotuba ya kuelekeza, alisema Bi Wabasse.
Dakika saba. Mje na kifaa. Msisome karatasi.
Wenzangu wakachagua papo hapo:
kusuka nywele, kukunja shati, kukaanga yai.
Mimi, ambaye ukigawa miaka yangu kwa tatu
unampata jirani yangu wa dawati,
niliandika kwa penseli: kunoa msumeno.

Kiwanda cha karatasi kilipofungwa hapa Thunder Bay
walitupa barua mbili, ya kwaheri
na ya kurudi shule bila ada.
Walitupa. Lisome neno hilo upendavyo.

Nikafanya mazoezi mbele ya jokofu.
Likanguruma, likazima,
sikujua kama ni makofi au usingizi.
Mbele ya kioo nikamwona marehemu baba
akifungua mdomo. Nikatoka.
Mbele ya Tyyne, mke wangu, na saa yake ya kuchemshia mayai:
"Dakika mbili na nusu, Reino,
na hapo nimehesabu kikohozi."
Nikaongeza maneno, kama mtu aongezaye maji kwenye maziwa
akisikia wageni wako njiani.

Kadi kumi na moja.
Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi,
na asubuhi ile, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
nilijikwaa vyote viwili kabla ya kufika kituo cha basi.

Mlangoni, mlinzi: "Nini hicho?"
Msumeno wa magogo, futi tano,
umelala ndani ya blanketi la mjukuu.
"Hauingii."
Ni kifaa cha masomo, nikasema.
"Una meno."
Ningebishaje? Hiyo ndiyo hoja ya hotuba yangu.
Akanipa kibandiko, namba kumi na nne,
na msumeno ukabaki nyuma ya meza yake,
na kadi zangu zote ndani ya blanketi.

Nikasimama mbele yao mikono mitupu.
Nikaikunja kama nimeshika kitu,
na, ajabu, kikawepo.
Hapa mpini. Hapa jino. Hili linainama kushoto,
la pili kulia, kama watu wa kanisani
wakinong'ona na majirani.
Tupa inasukumwa mbele, inainuliwa, inarudishwa hewani.
Tupa si msumeno wa methali.
Haikati mbele na nyuma.
Msichana wa mstari wa kwanza alirudisha mguu
nilipopitisha kidole kwenye makali yasiyokuwepo.

Dakika nne na sekunde kumi na moja. Nimeishiwa.
Bomba la joto likagonga ukutani.
Halafu Gurnoor, kijana wa yai la kukaanga:
"Utajuaje kwamba sasa unakata?"

Swali hilo halikuwa kwenye kadi yoyote.
Nikasema: msumeno butu hutoa unga.
Mkali hutoa tambi, ndefu, za rangi ya siagi,
zinajikunja juu ya theluji.
Nikasema: nilikuwa na miaka kumi na mbili,
nimenoa peke yangu kwa mara ya kwanza,
baba akakata, akasimama,
akainama, akaokota tambi moja,
akaipima kwa macho dhidi ya jua,
akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.
Hakusema kitu. Tukaendelea kukata.
Nikasema pia mengine, siyakumbuki,
ila namkumbuka Bi Wabasse
akiiweka saa yake kifudifudi mezani.

Karatasi ya alama: Sauti, nzuri.
Muda, umezidi kwa sekunde hamsini.
Kifaa, hakuna: toa tano.

Jioni mlinzi alinirudishia blanketi,
kalifunga vizuri kuliko nilivyolifunga mimi,
na kidole gumba chake kilikuwa na plasta mpya.
Sikumuuliza.