Baridi Tu

Lugano, leo utamimina wewe.
Vaa kwanza. Buti zako za shamba la viazi zinafaa.
Glavu hadi kiwiko.
Miwani usiipandishe kipajini
kama fundi wa kuchomelea anayepigwa picha.

Ukungu bado umelalia Loleza.
Bwawa linafuka kama chungu,
lakini tia kidole: barafu.
Nani huchimba bwawa Mbeya, uliniuliza.
Mtu aliyeuza kahawa mwaka ule bei ilipopanda.
Hayatuhusu. Sisi yetu ni maji.

Tumepima jana jioni, tumepima alfajiri.
Kichupa kimetoka waridi iliyokoza;
tunataka rangi ya chungwa linaloanza kuiva.
Basi jagi hadi mstari wa pili, si wa tatu.
Ukipunguza, utaongeza kesho.
Ukizidisha, hakuna kijiko cha kuchotea kilichozidi.

Sasa sikiliza, hapa ndipo watu huungua.
Mama yako akisonga ugali
hutia maji kwenye unga, au unga kwenye maji?
Ehe.
Ndoo ikae na maji kwanza, ndipo asidi iingie,
polepole, kama mkwe anayepiga hodi.
Mgeni ndiye huingia nyumbani;
nyumba haimwingii mgeni.
Ukigeuza
itachemka usoni pako bila kuni.

Namjua aliyegeuza. Jina sikwambii.
Anauza vocha Mwanjelwa,
chenji huirudisha kwa mkono wa kushoto
na wateja humwona hana adabu.

Upepo unatoka wapi? Usitazame miti, miti huchelewa.
Tazama mvuke: unaelekea kwa akina Mwaisela.
Basi simama hapa, ukusukume mgongoni.
Pampu inanguruma? Haya.
Inama. Mdomo wa ndoo karibu na maji,
upande wa kina kirefu,
tembea huku ukimimina, uzi mwembamba, mwembamba zaidi.
Usikohoe kishujaa. Ukikohoa, ondoka.

Na klorini ina banda lake kule,
asidi banda lake huku.
Hao wawili hawalali chumba kimoja.

"Subilaga!" Mama Mwasaga yuko dirishani.
"Wajukuu wamefika Uyole! Hamjamaliza tu?"
Saa nane, mama.
"Saa nane! Wataoga saa nane?"
Wapewe chai.
"Watoto wa Dar hawanywi chai."
Wapewe maparachichi.
Dirisha limefungwa kwa nguvu. Wewe endelea,
usimimine kwa hasira ya mtu mwingine.

Hili tundu kwenye kitenge changu, ukubwa wa choroko,
ulidhani ni panya.
Tone moja, Lugano.
Ilikuwa Jumapili, nina haraka ya ibada,
nikasema suruali ya nini.
Nilikaa chini ya bomba hadi kwaya ikamaliza nyimbo zote,
nazisikia kutoka ng'ambo ya ukuta,
maji yananipiga pajani, meno yanagongana.
Sijalishona. Kila nikifua, kidole hulipata.

Yale magadi mlangoni ni ya sakafu, ikimwagika.
Mpishi akija kuomba ya maharage, mnyime.

Suuza jagi. Tena. Tena.
Ligeuze likauke kichwa chini.
Sasa kazi ngumu: kukaa.

Saa nane kasoro, kichupa: chungwa.
Nimekitazama juani mara mbili, nawe mara tatu.
Wajukuu wametoka na mataulo mabegani,
mashavu yamejaa parachichi.
Mkubwa amekimbia, ameruka,
ameibuka akipiga yowe mtaa mzima ukasikia,
na wewe umenishika mkono, glavu na yote,
umeacha kupumua.

"Baridi! Jamani, baridi!"

Hakusema macho.
Hakusema ngozi.
Baridi tu, Lugano.
Sasa vua miwani.